Kutoka Makanyagio Hadi Ziwani Kirando

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wasomaji wa gazeti hili wamekwisha kusoma habari za safari za Dar es Salaam, za Ngorongoro na za Mlima Kilimanjaro, zilizoandikwa na wenzetu waliobahatika kufika huko. Mimi sijafika. Lakini katika likizo ya mwezi wa sita mwaka 2024, tulipokuwa Kidato cha Tatu, sisi marafiki wanne tulisafiri kwa lori kutoka Makanyagio, hapa Mpanda, hadi Kirando katika mwambao wa Ziwa Tanganyika. Njiani tuliona maji, milima na watu kiasi cha kutufanya tubishane kwa siku nne mfululizo. Habari ya safari ile, pamoja na ubishi wake, ndiyo ninayotaka kuieleza.

Kwanza niwajulishe wasafiri. Katika bweni letu ni desturi mtu kuitwa kwa jina la kwao, hata wengine majina yao ya kitabuni tunayakumbuka siku ya mtihani tu. Mimi ni Kakese, maana wazazi wangu wanalima mpunga Kakese, katika bonde la Mto Katuma. Mwenzangu wa kitanda cha juu ni Inyonga. Kwao ni nchi ya misitu na asali, naye hachoki kutukumbusha hilo. Wa tatu ni Namanyere, Mfipa wa nyanda za juu, mtu wa maneno machache na hesabu nyingi. Wa nne ni Kirando, mtoto wa mvuvi, ambaye tangu Kidato cha Kwanza alikuwa akituambia kwamba sisi wengine wote tumezaliwa mahali pakavu na hatujui maana ya neno ziwa. Kila tulipokula maharage bwalini yeye alitusimulia migebuka wabichi wa kwao, jinsi wanavyochomwa na ndimu na pilipili, mpaka maharage yakatushinda. Ndiye aliyetutia hamu ya safari.

Gari tulilipata kwa Mjomba wa Inyonga, mfanyabiashara wa mchele anayekaa Makanyagio. Kwa kuwa alikuwa Mjomba wa mmoja wetu, alikuwa Mjomba wetu sote. Lori lake ni dogo, lakini chumba cha mbele kina safu mbili za viti, hivyo askari wa usalama barabarani akisoma habari hii asidhani kwamba tulikaa juu ya magunia. Mwaka ule Mjomba alikuwa na sababu njema ya kwenda ziwani. Nchi nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilikuwa zimekubaliana kulipumzisha ziwa ili samaki wapate kuzaliana na kukua. Kwa upande wetu uvuvi ulisimamishwa tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti. Watu wa mwambao walikuwa hawavui, na mtu asiyevua hana budi kununua chakula.

"Nyavu zinaanikwa," alisema Mjomba, "lakini tumbo halianikwi."

Basi akajaza lori mchele, na baadhi ya magunia yale yalitoka Kakese. Niliyatambua kwa namna yalivyoshonwa mdomo.

Tuliondoka alfajiri. Makanyagio ilikuwa imekwisha kuamka: akina mama wanakaanga vitumbua kando ya barabara, vijana wa pikipiki wanapangusa umande juu ya viti, na mwadhini amemaliza kuadhini kitambo. Mjomba alizunguka lori mara mbili, akipiga teke kila gurudumu kama mtu anayeamsha watoto, kisha tukashika njia ya kusini.

Kutoka Mpanda hadi Sitalike ni yapata kilometa 36. Sitalike ni kijiji kilicho mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, nacho kinajulikana kwa viboko. Mjomba alisimamisha gari karibu na mto ili tunywe chai, nasi tukaenda kutazama. Masika yalikuwa yamekwisha si muda mrefu, na Katuma ulikuwa bado una maji ya kutosha. Viboko walikuwa wamezama, tukaona macho, masikio na matundu ya pua tu, na mara kwa mara mmoja akafungua kinywa na kupiga mlio mithili ya mzee anayechekea tumboni. Ndege weupe walisimama juu ya migongo yao bila nauli. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza, na ukungu ulikuwa ukiinuka majini. Namanyere, ambaye hasifu kitu kwa urahisi, alisema, "Vizuri," na sisi tuliomjua tulielewa kwamba ameguswa sana.

Lakini mimi nilikuwa nimeyaona maji yale katika hali nyingine. Mwezi wa tisa mwaka 2023 nilikwenda Sitalike pamoja na wanafunzi wengine na Mwalimu wetu wa Jiografia. Ilikuwa kiangazi kikali. Mahali pale pale palikuwa na tope, na ndani ya tope viboko walikuwa wamebanana ubavu kwa ubavu, hata mtu angeweza kudhani ni mawe yaliyopangwa na fundi. Wakubwa walipigana kwa ajili ya nafasi ya kulala. Wadogo walikanyagwa. Mwalimu alitueleza kwamba kiboko si mnyama wa kunywa maji na kuondoka. Anaishi majini mchana kutwa kwa sababu ngozi yake haivumilii jua, na akikosa maji hupasuka. Alituonyesha pia mashimo katika kingo za mto ambamo mamba hujificha kungojea mvua. Harufu ya tope lile nilirudi nayo bwenini.

Niliwaeleza wenzangu hayo, na hapo ndipo ubishi ulipoanza. Inyonga alinitazama, akasema, "Na maji yote yamekwenda wapi, Kakese? Si mmeyanywa ninyi na mpunga wenu?"

Inafaa nieleze kidogo. Mto Katuma hupita katika mashamba yetu kabla ya kuingia hifadhini. Ndani ya hifadhi hulisha nyanda za Ziwa Katavi na Ziwa Chada, ambazo masika huwa maziwa ya kweli na kiangazi huwa majani, matope na vumbi. Kutoka huko maji hufuata Mto Kavuu hadi Ziwa Rukwa. Mpunga wa masika hauna ugomvi na mtu, kwa maana maji huwa mengi hata yanatuvunjia matuta. Ugomvi ni wa kiangazi, wakati watu wengine wanapotaka kulima mara ya pili au kumwagilia bustani. Hapo wako wanaouziba mto kwa miti, matete na magunia ya mchanga ili kuyageuza maji upande wao. Aliye chini hukuta mchanga. Aliye chini kabisa ni kiboko, naye hana mjumbe katika kikao.

Nilimjibu Inyonga kwamba ada zangu za bweni, na sare niliyovaa, na hata mchele uliokuwa nyuma ya lori la mjomba wake, vyote vimetoka katika maji hayo hayo. Nilimwambia pia kwamba mwenye kula wali hana ruhusa ya kumtukana mkulima. Akasema kwamba nyuki wa kwao hawazibi mto wa mtu. Kirando akasema kwamba yote hayo ni ugomvi wa watu wenye vidimbwi, na kwamba tungoje tufike ziwani. Mjomba akapiga honi.

Ndani ya hifadhi barabara hupita katika misitu ya miombo, na mwendo wa magari umewekewa mpaka. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1974, na baada ya kupanuliwa ina eneo la kilometa za mraba 4,471. Tuliona twiga watatu waliotutazama kwa dharau, nyani wengi, na kwa mbali kundi la nyati lililokuwa kama kivuli cha wingu. Wageni hutoka Ulaya kwa ndege kuja kutazama haya, nasi tuliyatazama huku tukila mihogo ya kuchemsha. Jambo moja ambalo picha za hifadhi hazilionyeshi ni mbung'o. Waliingia dirishani wakatuuma juu ya nguo, na ukimpiga mmoja hujifanya amekufa, kisha huruka. Tukafunga vioo, tukapikika kwa joto. Tukafungua vioo, wakaingia ndugu zake. Nadhani hifadhi ile imelindwa na mbung'o miaka mingi kabla ya kulindwa na askari.

Tulipokuwa tukipita, Mjomba alitusimulia asili ya jina la Katavi. Wabende husema kwamba Katabi alikuwa mwindaji, na kwamba mzimu wake unakaa katika mti wa mkwaju karibu na ziwa. Watu huenda mpaka leo kuweka sadaka penye mti huo, wakiomba baraka. Mjomba mwenyewe ni mtu wa dini yake na hakusema kama anaamini au haamini. Alisema tu kwamba wazee wa zamani hawakukata mti ule, na kwamba wanyama waliokaa karibu nao walipata kivuli bure.

Mlima ulituanza polepole. Ukitoka katika bonde la Katavi kuelekea Ufipa huna budi kupanda ukuta wa milima uitwao Lyamba lya Mfipa. Barabara ilianza kujipinda, lori likaanza kulia sauti ya chini, na masikio yetu yakaziba. Hatukufika mbali. Mvuke ulitoka mbele kama jikoni mwa shule siku ya sikukuu, Mjomba akaegesha, akafungua boneti, akasema kwamba rejeta imekauka na kwamba dumu la maji la akiba ameliacha Makanyagio, uani, penye kivuli, mahali pazuri sana.

Tukatoa chupa zetu za kunywa. Zilikuwa sita kwa jumla, nyingine nusu. Jua lilikuwa la saa sita. Mjomba alingoja mashine ipoe, kisha akaanza kumimina, naye Namanyere akasimama kando akihesabu. Chupa ya kwanza ikaingia, ya pili ikaingia, ya tatu ikaingia kana kwamba hakuna kilichoingia. Kwa chupa ya nne Inyonga alishika yake kifuani, akasema, "Kakese, naona jaruba lako limehamia kwenye lori."

Tulicheka mpaka Mjomba akacheka. Lakini hakuna aliyependa kutoa chupa ya tano. Namanyere ndiye aliyeamua. Alisema tukadirie tutakaa saa ngapi mpaka kijiji cha kwanza, tuweke chupa moja na nusu kwa watu watano, kila mtu vifuniko kadhaa kwa zamu, na zilizobaki ziingie katika lori, kwa sababu lori lisipokunywa hakuna atakayefika kwenye kisima. Hivyo ndivyo tulivyofanya. Kwa muda wa saa nzima nilikunywa maji kwa kifuniko cha chupa, na sijawahi kuonja maji matamu kama yale.

Wakati wa kungoja tulitazama nyuma. Sijui kama naweza kupaeleza mahali pale ipasavyo. Chini yetu misitu ilienea bila mwisho, na rangi yake haikuwa moja: kijani, kahawia, na mahali pengine nyekundu ya majani yanayotaka kuanguka. Mbali kulikuwa na uwanda mpana wa rangi ya dhahabu, na juu yake moshi mwembamba wa moto wa nyasi. Hapakuwa na sauti ila upepo na lori likitoa pumzi. Inyonga alinionyesha kwa kidole mstari wa miti mirefu katika uwanda, akasema kwamba pengine huo ni mto. Hatukubishana. Tulitazama tu mahali ambapo maji ya kwetu hupita yakitoka kwetu, na nilishangaa jinsi mstari wenyewe ulivyo mwembamba kwa nchi kubwa namna ile.

Juu ya mlima ni nchi nyingine kabisa. Ufipa ni uwanda ulioinuliwa, wenye vilima vya nyasi na upepo wa baridi, na miti michache. Ukisimama huko uko baina ya mabonde mawili ya ufa: upande mmoja bonde la Ziwa Rukwa, ambalo kina chake ni kifupi na maji yake hayana mto wa kuyatoa, na upande wa pili Ziwa Tanganyika. Mashamba yalikuwa yamejaa matuta ya mviringo kama vichuguu. Wafipa wa zamani walijua kufukia majani ndani ya matuta hayo ili yaoze yawe mbolea, na wengine hufanya hivyo hata sasa. Pia walijua kuyeyusha chuma katika tanuru za udongo ndefu kuliko mtu, walizoziita malungu. Namanyere alitueleza hayo yote kwa sentensi tatu, akanyamaza.

Tulilala kwao. Mama yake alitupokea kwa maji ya moto ya kuoga na ugali wa ulezi, na tulipomwamkia alituuliza mmoja mmoja habari za nyumbani, hata za mifugo. Usiku ulikuwa na baridi ambayo watu wa Mpanda hatuijui. Kirando, mtoto wa ziwa, alilala amevaa viatu. Asubuhi Baba yake Namanyere aliongeza magunia mawili ya maharage juu ya mzigo wa Mjomba, akasema, "Wapelekeeni wale ndugu zetu waliofungiwa ziwa. Watalipa watakapofunguliwa." Hakuandika popote.

Kutoka Namanyere barabara huelekea magharibi na kushuka. Ilikuwa ya vumbi na mawe, na Mjomba alishuka kwa gia ndogo, mikono miwili, bila kuzungumza. Kirando alikuwa amekaa mbele, na tangu asubuhi alikuwa hatulii. Mara akapaza sauti, "Tazameni!" Sisi tulitazama tukaona mbingu tu. Ilitupasa kutazama tena ndipo tukaona kwamba nusu ya chini ya mbingu ile ilikuwa maji.

Nilikuwa nimejifunza darasani kwamba Ziwa Tanganyika lina urefu wa zaidi ya kilometa 670, na kwamba kina chake hufika mita 1,470, hata ni la pili duniani kwa kina baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Nilikuwa nimeandika hayo katika mtihani nikapata alama. Lakini pale barabarani Namanyere alifanya hesabu kwa sauti: uso wa ziwa uko yapata mita 770 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mahali penye kina kirefu sakafu yake iko yapata mita 700 chini ya usawa wa bahari. Mtu wa Ufipa, akasema, anaweza kusimama mlimani na kutazama juu ya shimo ambalo bahari yenyewe ingemwagika ndani yake. Kirando alipokea sifa zile kana kwamba amelichimba yeye.

Sasa nieleze kuhusu migebuka. Tulifika Kirando mchana, na kwa miaka mitatu tulikuwa tumeahidiwa samaki wabichi. Mama yake alituandalia chakula kizuri kwa heshima zote: wali wa mchele wa Kakese, maharage ya Namanyere, na dagaa wakavu wa akiba waliohesabika. Tulimtazama Kirando. Yeye alitazama sahani. Inyonga, kwa adabu kubwa, akauliza kama ndimu ipo.

Mwambao mzima ulikuwa umetulia. Mitumbwi ilikuwa imepinduliwa mchangani, watoto wanacheza kujificha chini yake. Nyavu zilianikwa juu ya vichanja, na wanaume walikaa kivulini wakizishona. Baba yake Kirando alikuwa miongoni mwao. Tulimwambia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha sindano yake, akatupa kila mmoja ncha ya wavu ya kushika, maana kwake mgeni ni mikono miwili zaidi. Tulikaa naye alasiri yote.

Mimi ndiye niliyemuuliza kama wavuvi wamekasirika kwa kufungiwa ziwa. Alifikiri kwanza. Alisema wengi walinung'unika, naye mwenyewe alinung'unika, kwa sababu mwenye watoto sita hawezi kuwaambia wapumzike kula. Wengine walikuwa na madeni ya mashine za mitumbwi, na deni halipumzishwi. Wengine walikwenda kulima, ambao hawakuwahi kushika jembe. Lakini alisema pia kwamba alipokuwa kijana walijaza mtumbwi karibu na nchi kavu, na kwamba miaka ya karibuni walilazimika kwenda mbali usiku kucha na kurudi na dagaa wadogo mno, watoto wa dagaa.

"Nalijua ziwa lilikuwa limechoka," alisema. "Kitu kilichonisaidia nisinune sana ni tarehe. Nimeambiwa litafungwa siku fulani, litafunguliwa siku fulani, na Mkongo ng'ambo naye amefunga. Ningefungiwa mimi peke yangu, ningevua usiku."

Nikamweleza habari za Katuma: jinsi aliye juu anavyoziba, na wa katikati anavyolaumu, na viboko walivyobanana matopeni. Alisikiliza sana. Kisha akauliza swali moja, "Na ninyi huko mtoni, nani hupanga tarehe?" Nikamjibu kwamba tuna kamati ya umwagiliaji yenye zamu za mfereji, lakini juu ya zamu za mto wote, kutoka juu hadi hifadhini, mimi sijasikia. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye wavu wake. Inyonga hakusema neno, nami nilimshukuru kwa hilo.

Jioni tuliogelea mahali ambapo Kirando alituonyesha kuwa hapana mamba. Maji yalikuwa safi hata niliona vidole vyangu vya miguu na samaki wadogo wenye mistari wakija kuvikagua. Jua lilizama upande wa Kongo, milima ya huko ikawa ya rangi ya zambarau, kisha nyeusi. Tukakaa mchangani kungoja usiku. Kirando alikuwa ametuambia mara nyingi kwamba usiku usio na mwezi wavuvi wa dagaa huwasha taa juu ya maji ili kuwavuta, na kwamba ziwa huonekana kama mji mkubwa unaoelea. Usiku ule hapakuwa na taa hata moja. Palikuwa na nyota, na sauti ya mawimbi, na giza lililoanzia miguuni petu likaenda mpaka nchi ya wengine. Kirando alikaa kimya kwa muda mrefu. Baadaye alisema kwamba hajawahi kuliona ziwa likiwa limezimwa, na kwamba ni zuri, lakini hapendi.

Siku ya tatu tulimsaidia Mjomba kuuza. Aliuza nusu ya mchele kwa fedha na nusu kwa daftari, akiandika majina ya watu na mbele ya kila jina akaandika maneno yale yale, "baada ya kufunguliwa." Siku ya nne tulipanda mlima, tukachukua mahindi Namanyere, tukamwacha Namanyere kwao, tukashuka Lyamba lya Mfipa na madumu mawili ya maji, tukapigana na mbung'o, na saa mbili usiku tukawa Makanyagio. Dumu la Mjomba lilikuwa bado uani.

Nilikwenda Kakese kumaliza likizo. Mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa, na Baba alikuwa akisafisha mfereji. Alitaka kwanza kujua bei ya mchele ziwani, nikamwambia. Alifurahi. Nikamweleza habari za nyavu zilizoanikwa, na daftari la Mjomba, na maneno ya yule Mzee juu ya tarehe. Nikamweleza habari za viboko pia, ingawa nilijua jibu lake, kwamba kiboko huyo huyo hutoka usiku akala mpunga wa watu, na ni kweli hula. Alinisikiliza akiwa ameegemea jembe. Akauliza, "Na watu wa nchi nne walikubaliana tarehe moja?" Nikasema ndiyo. Akasema kwamba sisi tuko vijiji vichache tu katika mto mmoja, akainama, akaendelea kulima tope. Baada ya kitambo akasema, bila kuinua kichwa, kwamba ataliuliza jambo hilo katika kikao cha kamati.

Kikao kilifanyika mwezi wa nane, nami nilikuwa nimekwisha kurudi shuleni. Habari niliyoletewa ni kwamba Baba aliliuliza, kwamba watu wa juu na watu wa chini walibishana mpaka jua likazama, na kwamba walikubaliana kukutana tena. Wiki hiyo hiyo Kirando alipata simu kutoka kwao: ziwa limefunguliwa, na usiku wa kwanza taa zilikuwa nyingi hata mama yake alishindwa kuzihesabu.